Hatua Kumi na Mbili na Mlango wa Toba

Kila sifa njema ni za Allah (S.W.), Mwenye kusamehe dhambi na kupokea toba. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Sahaba zake wote. Ama baad.

Miaka kadhaa iliyopita, baada ya darsa ya usiku wa Ijumaa, alitujia mama mmoja wa mtaani kwetu. Alisubiri mpaka watu wakatawanyika, kisha akasema kwamba ana swali lakini linamtia haya. Mwanawe, ambaye sisi wenyewe tulimsomesha Juzuu Amma alipokuwa mdogo, alikuwa amekula unga kwa muda wa miaka tisa. Sasa alikuwa na miezi mitano hajagusa kitu, akiishi katika moja ya zile nyumba za upataji nafuu. Humo vijana hukaa duara asubuhi na jioni, kila mmoja akaeleza hali yake, na hufuata kile kinachoitwa hatua kumi na mbili. Jirani yake amemwambia kuwa hatua hizo zimetoka kanisani na kwamba mwenye kuzifuata imani yake imeingia dosari. "Nimtoe, shekhe?"

Tulimjibu pale pale, tukiwa tumesimama na viatu mkononi. Tulimwambia kuwa dini yetu imekamilika, haina haja ya kuazima, amtoe mwanawe amlete msikitini. Mama akatii. Kijana alihudhuria sala kwa muda wa wiki mbili hivi, akikaa safu ya mwisho karibu na mlango. Hakuna aliyemwendea. Sisi nasi hatukumwendea, tukidhani kuwa kumwona kwenye safu kunatosha. Kisha hakuonekana tena, na tulipouliza tukaambiwa amerudi maskani.

Hapo ndipo tulipofanya lile ambalo tulipaswa kulifanya kabla ya kujibu, yaani kuisoma habari yenyewe. Makala hii ni matunda ya usomaji huo. Tunaiandika hasa kwa ajili ya maimamu wenzetu, kwani swali la yule mama litawafika, kama halijawafika.

CHANZO CHA HATUA HIZI

Jirani hakusema uongo kuhusu asili. Katika miaka ya 1920 kasisi wa Kilutheri kutoka Pennsylvania, Marekani, aitwaye Frank Buchman, alianzisha jumuiya ambayo baadaye ilijulikana kwa jina la Oxford Group. Wafuasi wake walitaka kuurudia Ukristo wa karne ya kwanza. Walizoea kukiri makosa yao mbele ya wenzao, kuwarejeshea watu walichowadhulumu, kukaa kimya wakingoja uongozi wa Mungu, na kuwapelekea wengine yale waliyoyapata wao.

Miongoni mwa waliojiunga alikuwa tajiri mmoja, Rowland Hazard, aliyekuwa ameshindwa kabisa kuacha pombe. Alikuwa amekwenda mpaka Uswisi kutibiwa na Carl Jung, tabibu mashuhuri wa maradhi ya nafsi, na Jung akamweleza kwamba utabibu hauna la zaidi la kumfanyia, na kwamba tumaini lililobaki ni mageuzi ya kiroho. Kwa mkono wa Hazard aliokoka mlevi mwingine, Ebby Thacher, na huyu Thacher mwezi wa Novemba 1934 akaenda New York kumwona rafiki yake wa zamani, Bill Wilson, mtu wa biashara ya hisa ambaye ulevi ulikuwa umemmaliza. Desemba ya mwaka huo Wilson alilazwa katika Towns Hospital, ambako daktari wake, William Silkworth, alikuwa akiwaeleza wagonjwa kuwa ulevi ni maradhi ya mwili na ya akili kwa pamoja, wala si ukosefu wa nia tu. Wilson alitoka humo na hakunywa tena mpaka alipofariki Januari 1971.

Lakini kisa chenyewe hasa kimo katika mwezi wa Mei 1935. Wilson alikuwa Akron, Ohio, kwa biashara iliyovunjika. Alisimama peke yake katika ukumbi wa hoteli, upande mmoja akisikia vicheko vya baa, upande mwingine ipo simu. Akahisi kwamba asipopata mlevi mwenzake wa kuzungumza naye, atakunywa. Tunaomba msomaji alizingatie jambo hili. Hakutafuta mtu wa kumpa mawaidha. Alitafuta mgonjwa kama yeye. Akapiga simu kwa viongozi wa makanisa waliokuwa kwenye orodha ukutani, mpaka akaunganishwa na daktari wa upasuaji wa mji ule, Robert Smith, naye mlevi. Daktari alikubali kuonana naye kwa robo saa tu. Wakazungumza kwa muda wa saa kadhaa. Baada ya kuteleza mara moja, Smith alikunywa pombe yake ya mwisho tarehe 10 Juni 1935, na siku hiyo ndiyo inayohesabiwa kuwa mwanzo wa jumuiya ya Alcoholics Anonymous, yaani walevi wasiotaja majina yao. Kitabu chao chenye hatua kumi na mbili kilitoka mwaka 1939. Wakati huo walikuwa wamejitenga na Oxford Group, kwanza wale wa New York mwaka 1937, kisha wale wa Ohio.

Hatua zenyewe, kwa muhtasari wetu na si kwa lafudhi yao, huanza na mtu kukiri kuwa ameshindwa, kuamini kwamba ipo nguvu kubwa kuliko yeye inayoweza kumponya, na kuikabidhi nafsi yake kwa Mungu. Kisha ajihesabu kwa ukweli, amweleze Mungu na mtu mmoja mwingine aliyoyaona, na aombe aondolewe aibu zake. Baada ya hapo aandike waliodhuriwa naye na awarejeshee haki zao, isipokuwa pale ambapo kufanya hivyo kutawadhuru zaidi. Mwisho aendelee kujihesabu, adumu katika dua, na awafikie waraibu wengine.

SUALA LA TAWHIDI

Ama neno lililowatia wasiwasi watu wengi ni lile la kumwelezea Mungu "kama tunavyomfahamu". Historia ya neno hili inafaa kujulikana. Hatua zilipoandikwa, miongoni mwa wanachama wa mwanzo walikuwemo watu wasioamini dini yoyote, nao wakapinga lugha ya kikanisa. Yakazuka mabishano, na neno hilo likawa ndilo suluhu. Hivyo basi halikuwekwa kwa ajili ya kumwingiza mtu katika Ukristo. Liliwekwa ili asiye Mkristo asifukuzwe.

Kwa upande wetu neno hilo lina pande mbili. Likieleweka kuwa kila mtu ajitungie mungu wake, hata akiufanya ukuta au kundi lenyewe kuwa ndilo nguvu yake, hiyo ni batili isiyo na shaka, na kijana Mwislamu ni lazima aambiwe hivyo wazi. Likieleweka kuwa kila mmoja katika duara amrejee Anayemwabudu, basi Mwislamu humrejea Allah (S.W.) peke Yake, kwa majina na sifa alizojithibitishia, na wala haambiwi na mtu yeyote kusema vinginevyo.

Waislamu wa Marekani walikwisha litatua jambo hili kabla yetu. Mwaka 1989, mjini Baltimore, ndugu zetu huko walianzisha jumuiya waliyoiita Millati Islami, wakaziandika upya hatua kumi na mbili kwa msingi wa Qur'ani na Sunna. Palipokuwa na nguvu isiyotajwa jina wakaweka jina la Allah. Palipokuwa na kukiri kutokuwa na uwezo, wao wakasema kwamba tumeghafilika na nafsi zetu. Mabadiliko hayo ya mwisho yanatupendeza, kwani yanamwacha mja akiwa mukallaf, mwenye kuulizwa kuhusu matendo yake, huku akikiri kwamba hana hila wala nguvu ila kwa Allah.

Mji huo wa Baltimore una historia nyingine katika mlango huu. Mwaka 1840 walevi sita waliokuwa wakikutana baa waliapa kuacha pombe, wakaanzisha chama cha Washingtonians kilichovuta maelfu kwa maelfu ya watu. Chama hicho kiliporomoka baada ya miaka michache, kwani kiliingia katika mabishano ya siasa na sheria, na wasemaji wake wakawa watu wa kutafuta umaarufu. Waliokuja baada yao walijifunza. Katika kanuni zao, zilizokubaliwa mwaka 1950 mjini Cleveland, wakaandika kuwa jumuiya haina rai katika mambo ya nje, haipokei michango ya watu wa nje, na wanachama hawajitangazi majina. Hata tajiri John D. Rockefeller Mdogo alipoombwa fedha nyingi mwaka 1938, alitoa dola 5,000 tu akihofia kuwa fedha zitaiharibu kazi yao. Wenye kuendesha madrasa kwa kutegemea wafadhili wa mbali wanajua anachokisema.

TOBA NA KUTANGAZA DHAMBI

Maulamaa wametaja masharti ya toba kuwa matatu: kuacha dhambi, kujuta, na kuazimia kutoirudia, na likihusika jambo la haki ya mwanadamu, sharti la nne ni kumrejeshea haki yake au kuombana radhi. Ndivyo alivyoyapanga Imam an-Nawawi (aliyefariki mwaka 676H/1277) mwanzoni mwa Riyadh as-Salihin. Mwenye kuzisoma zile hatua ataona kuwa sharti hili la nne, ambalo katika mimbari zetu hutajwa kwa pumzi moja na kupitwa, wao wamelipa hatua mbili nzima, pamoja na karatasi na kalamu. Teja aliyeuza cherehani ya mama yake hatakiwi kujuta tu. Anatakiwa aandike jina la mama yake, na aende.

Ama kujihesabu, hilo ni la kwetu tangu zamani. Harith bin Asad (aliyefariki mwaka 243H/857) aliitwa al-Muhasibi kwa wingi wa kuihesabu nafsi yake. Imam al-Ghazali (aliyefariki mwaka 505H/1111), katika Ihya, ametaja njia nne za mtu kuzijua aibu zake: kukaa mbele ya sheikh mwenye kuona, kupata rafiki mkweli atakayemchunga, kuzisikiliza ndimi za maadui zake, na kuchanganyika na watu akajiona ndani yao. Katika makundi haya kila mgeni hupewa mlezi, mtu aliyemtangulia katika njia hiyo hiyo, ambaye anaweza kumpigia simu saa nane ya usiku. Hatudai kwamba Wilson alimsoma al-Ghazali, na wanaotaka kudai hivyo walete dalili. Tunachosema ni kuwa maumbile ya nafsi ni mamoja, na dawa zake hukaribiana.

Ishkali nzito zaidi ni ile ya kukaa duara na kusimulia maasi. Imepokewa na al-Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Huraira (R.A.) kwamba umma wote utasamehewa isipokuwa wenye kudhihirisha, na miongoni mwa kudhihirisha ni mtu kufanya jambo usiku Allah akamsitiri, kisha asubuhi akalitangaza mwenyewe. Je, duara lile si kuipasua sitara ya Allah?

Jawabu tulilikuta kwa an-Nawawi huyo huyo, katika kitabu chake al-Adhkar. Amesema kuwa ni makuruhu kwa aliyepatwa na maasi kuwaeleza wengine. Lakini akimweleza sheikh wake, au mfano wake, kwa kutaraji kuonyeshwa njia ya kutoka katika maasi hayo, au namna ya kusalimika asiyarudie, au kuijua sababu iliyomtumbukiza, au kuombewa dua, hakuna ubaya. Bali ni jambo zuri. Karaha ipo pale maslahi hayo yasipokuwepo. Sasa tuangalie: wanaokaa duara wanafanya nini zaidi ya hayo? Mlango wao umefungwa, majina ya ukoo hayatajwi, na yanayosemwa humo hayatoki. Ama yule anayesimulia jinsi alivyokuwa akiiba, kwa kujifaharisha na kuwachekesha wenzake, huyo ameingia katika hadithi, na wasimamizi wa nyumba hizi wanapaswa kumzuia.

Ipo ishkali nyingine ndogo. Toba inataka azma ya kutorudi milele, na wao humwambia mtu ajizuie leo tu, kesho ina siku yake. Kwetu hakuna mgongano. Azma ni ya moyoni na haina mpaka. Kuigawa safari siku kwa siku ni katika njia za kuitekeleza. Na akiteleza, toba ya kwanza haibatiliki, bali analazimika kutubia upya, kama inavyofahamika katika hadithi ya mja aliyetenda dhambi akaomba msamaha, akarudia na akaomba tena.

FATWA YA IBN HAJAR

Kuna waliotuuliza pia kuhusu methadoni, dawa inayotolewa kwa watumiaji wa heroini. Kliniki ya kwanza nchini Tanzania ilianza Muhimbili mwaka 2011. Wengine husema kuwa huko ni kubadilisha kileo kwa kileo.

Mwenye Tuhfa, Ibn Hajar al-Haytami (aliyefariki mwaka 974H/1567), ambaye masheikh wetu wa Mwambao hawatoi fatwa bila ya kumtazama, aliulizwa kuhusu mtu aliyezoea kula afyuni mpaka akawa asipoila huangamia. Akajibu kuwa likijulikana hilo kwa yakini, inamjuzia, bali inamwajibikia kuila kiasi cha kuihifadhi roho yake, mfano wa mwenye dharura na nyamafu. Na ni wajibu wake kuipunguza kidogo kidogo mpaka mwili uzoee kuikosa, na asipofanya hivyo ni mwenye dhambi. Ibn Abidin wa madhehebu ya Hanafi ameinukuu fatwa hiyo. Miaka zaidi ya 450 iliyopita mwanachuoni wa Makka alikwisha tofautisha baina ya anayekula kwa matamanio na anayekula kwa sababu mwili umeshakamatwa. Methadoni inayotolewa na tabibu kwa kipimo haiko mbali na kauli hiyo, nayo inatolewa kwa usimamizi ambao mla afyuni wa zama zile hakuupata.

MAJLISI TULIYOIPOTEZA

Katika zama za Mtume (S.A.W.) alikuwepo mtu aitwaye Abdullah, kwa lakabu Himar, aliyekuwa akimchekesha Mtume. Aliletwa mara kwa mara kwa kosa la kunywa, akapigwa. Mtu mmoja akamlaani kwa wingi wa kuletwa kwake. Mtume (S.A.W.) akakataza kumlaani, akashuhudia kuwa mtu yule anampenda Allah na Mtume Wake. Hadithi hii imo katika Sahih al-Bukhari. Hadi ilisimama na mapenzi hayakukatwa. Sisi aghlabu hatuna uwezo wa kusimamisha la kwanza, na la pili ambalo tunaliweza tumeliacha.

Ibn Kathir naye, katika tafsiri ya mwanzo wa Surat Ghafir, ameleta habari ya mtu shujaa wa Sham aliyekuwa akimjia Umar bin al-Khattab (R.A.). Alipotoweka, Umar akamuulizia, akaambiwa kuwa amezama katika ulevi. Umar hakumtumia askari. Alimwandikia barua yenye aya za mwanzo za sura hiyo, za Mwenye kusamehe dhambi, Mwenye kupokea toba, Mkali wa kuadhibu, kisha akawataka waliokuwa naye wamwombee. Mtu yule akawa anaisoma na kuirudia mpaka akalia, akaacha. Umar akawaambia watu wafanye hivyo wanapomwona ndugu yao ameteleza, wala wasiwe wasaidizi wa shetani juu yake.

Neno lililotuchoma ni kwamba Umar alimuulizia. Sisi tulikuwa na kijana katika safu ya mwisho kwa wiki mbili na hatukumuulizia mpaka alipokwisha kuondoka.

Na katika hadithi ya muuaji wa watu tisini na tisa, aliyekamilisha mia kwa kumuua yule mtawa aliyemkatisha tamaa, mwanachuoni hakumwambia tu kuwa mlango wa toba u wazi. Alimwambia aihame nchi yake, kwani ni nchi ya uovu, aende mahali fulani penye watu wanaomwabudu Allah, akaabudu pamoja nao. Kwa hiyo mwenye kutubu anahitaji pa kwenda na watu wa kumpokea. Mateja wetu tunawaambia watoke maskani, waende wapi? Zanzibar, kuanzia mwaka 2009, waliojibu swali hili kwa vitendo zaidi walikuwa waraibu wenyewe waliopona, walipofungua nyumba za upataji nafuu zenye kufuata hatua hizi, na wengi wa waliomo ni watoto waliotoka katika vyuo vyetu vya Qur'ani. Nchini Iran vilevile makundi ya Narcotics Anonymous, yaliyoasisiwa California mwaka 1953, yameenea kwa namna ambayo ni nchi chache duniani zinaweza kulingana nayo.

Wala isidhaniwe kuwa faida yake ni ya kudhaniwa tu. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2020, yaliyokusanya tafiti 27 zenye watu zaidi ya 10,000, yalionyesha kuwa kuwaunganisha walevi na makundi haya kwa utaratibu maalumu huwasaidia wengi zaidi kudumu bila pombe kuliko baadhi ya tiba nyingine zinazotambulika. Tafiti hizo ni za pombe. Za unga ni mlango mwingine.

Kwa mujibu wa hayo, tunaona kwamba Mwislamu anajuziwa kukaa katika makundi haya kwa sharti la kumkusudia Allah peke Yake katika kila panapotajwa Mungu, kutoshiriki ibada ya dini nyingine, kuhifadhiwa sala kwa nyakati zake, kutochanganyika wanaume na wanawake katika makazi, na kuhifadhi siri za watu. Na pakipatikana kundi linaloendeshwa kwa misingi ya Kiislamu, hilo ni bora zaidi. Lakini kumtoa mtu katika lililopo kabla ya kupatikana mbadala wake ni kuondosha madhara kwa madhara makubwa zaidi, nasi tulilitenda hilo.

Tulikwenda kwa yule mama tukamwambia kuwa tulijibu kabla ya kujua, na kwamba jawabu letu tunalirejea. Hakutulaumu. Alituuliza tu kama tunaweza kufuatana naye maskani, kwani yeye akienda peke yake mwanawe humkimbia. Tulikwenda Jumamosi baada ya Alasiri. Kijana alitutambua, akasimama, akatupa mkono kwa adabu ile ile ya chuoni. Alirudi katika nyumba ile wiki iliyofuata, akaanza kuhesabu siku upya. Siku hizi msikiti umewapa chumba cha nyuma kila Jumanne baada ya Isha, na sisi hatuingii ila tukialikwa.

Wallahu aalam.